Zawadi za Kuwapelekea Wamoroko: Beba Kile Ambacho Kwao Hakipatikani

Wasomaji mmekuwa mkiniuliza jambo lilelile kwa sura tofauti. Mwanafunzi aliyepata ufadhili wa kusoma Rabat anataka kujua ampelekee nini mama wa familia iliyompokea. Dada aliyeolewa na Mmoroko anakwenda ukweni kwa mara ya kwanza. Mfanyabiashara mwenye mshirika Casablanca hualikwa chakula nyumbani kwake kila anapokwenda, na anaona haya kuingia mikono mitupu. Wote wanauliza: nibebe nini kutoka kwetu?

Jibu langu ni hili. Beba vitu vichache na vizuri, ambavyo ardhi yao haitoi wala mafundi wao hawatengenezi, na uwe tayari kueleza vinavyotumika. Yanayofuata ni namna ya kulitekeleza hilo bila kupoteza fedha wala kumtia mwenyeji wako katika hali ngumu.

## Vya kuacha nyumbani

Kosa linalorudiwa zaidi ni kupeleka kitu kizuri ambacho huko kimejaa sokoni. Kabla ya kununua chochote, pitia orodha hii:

- Ngozi. Mji wa Fes una madimbwi ya kulainishia na kutia rangi ngozi ambayo yamefanya kazi kwa karne nyingi. Pochi, mkanda au viatu vya ngozi vitalinganishwa na vyao, na mara nyingi vitashindwa.
- Vyungu, mazulia na sinia za shaba. Hizo ndizo kazi zao wenyewe.
- Tende, zeituni, lozi na machungwa. Wanavilima wenyewe.
- Bizari nyembamba, manjano na tangawizi kavu. Zimo katika kila jiko la Moroko. Hata zafarani wanalima wenyewe, katika eneo la Taliouine.
- Chai ya kijani. Wanaiagiza China kwa wingi, na kila nyumba ina aina iliyoizoea. Usijaribu kuwachagulia.

Ukiondoa hivyo, bado unabaki na mengi.

## Vya jikoni: hapa ndipo tulipo na nguvu

Nikitakiwa kuchagua kitu kimoja tu, nitachagua vanila. Nyumba za Moroko huoka sana, na siku za kuelekea Idi jiko halipumziki: biskuti, keki, vitamu vya lozi. Vanila inayotumika mara nyingi ni sukari yenye ladha ya vanila, inayouzwa kwenye vipakiti vidogo dukani. Sasa wewe unatoka ukanda unaolima vanila yenyewe, Uganda na Kagera. Mpe mama wa nyumba maganda kumi ya vanila halisi, uone atakavyoyanusa. Chagua yaliyo meusi, yenye mafuta, yanayopindika bila kuvunjika. Ukiona unga mweupe wenye harufu ya uvundo, huo ni ukungu, usinunue. Yaweke kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, na umweleze: pasua ganda kwa urefu, kwangua mbegu ndogo za ndani utie kwenye unga, kisha ganda lenyewe lichomeke ndani ya kopo la sukari. Hayana uzito wowote begini.

Baada ya hapo:

- Korosho. Wamoroko ni watu wa lozi, lakini mkorosho hauoti kwao, na korosho ya dukani ni ya kuagizwa, tena ya bei. Chukua ya Mtwara au Lindi, nzimanzima, iliyokaangwa karibuni. Afadhali pakiti nne za robo kilo kuliko mfuko mmoja mkubwa, kwa sababu utazigawa. Msomaji wa Kenya anaweza kuchukua makadamia.
- Karafuu. Wanaijua na wanaitumia, lakini ya Unguja na Pemba iliyokaushwa msimu huu ina harufu ambayo karafuu iliyokaa ghalani haina. Ibonyeze kwa ukucha: iliyo nzuri hutoa mafuta. Tahadhari moja: biashara ya karafuu Zanzibar inasimamiwa na Serikali, kwa hiyo nunua iliyofungwa dukani, kiasi kidogo, na utunze risiti. Usinunue gunia la mtu barabarani.
- Kahawa. Wamoroko wanapenda sana kahawa, hasa ya nusu maziwa nusu kahawa. Kahawa ya Kilimanjaro, ya Nyeri au ya Bugisu itapokewa vizuri. Uliza kwanza kama nyumbani wana mashine ya kusagia. Kama huna wa kumuuliza, beba iliyosagwa. Angalia tarehe ya kukaangwa, isiwe imekaa rafu nusu mwaka.
- Asali ya nyuki wa miombo, ya Tabora kwa mfano. Huko asali ni kitu cha heshima, na watu wanajua kuonja. Kwa hiyo usipeleke ya kwenye chupa ya maji iliyotumika. Nunua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na muhuri, la sivyo forodha wana kila sababu ya kuizuia.

Majani ya chai ya Kericho au Mufindi ni zawadi nzuri kwa sharti moja: uipike wewe. Ukiacha pakiti mezani, itakaa kabatini, kwa sababu chai yao ni ya kijani yenye nanaa. Omba jiko siku moja, weka maziwa, tangawizi na iliki, uwaandalie chai ya kwetu. Wakiipenda, watajua namna ya kuitumia ukishaondoka.

Ubuyu wa rangi watoto wanaupenda. Lakini kumbuka kwamba sebule ya Kimoroko huwa na makochi marefu yaliyozunguka ukuta, yamevishwa vitambaa vya thamani, na rangi nyekundu ya ubuyu haitoki. Mwachie mama ndiye aamue wapi utaliwa.

## Vya kuvaa na kujifunika

Kanga ni chaguo la wengi, na ni zuri, ila linaharibiwa na mambo madogo.

Soma jina la kanga kabla ya kulipa. Kanga za mafumbo ya kushindana na za kumsema jirani ziache. Chukua ya dua, ya shukrani au ya kumsifu mama, na uandike maana yake kwa Kifaransa au Kiarabu kwenye kikaratasi, kwa sababu watauliza na watakuwa na hamu ya kujua. Chagua pamba. Kisha, kabla hujasafiri, peleka doti kwa fundi ikatwe na kupindwa. Mwenyeji wako hajui kwamba vile ni vipande viwili, na ataikunja hivyohivyo aiweke sandukuni. Nyingine ni hii: kanga yenye sura za watu au wanyama haifai kwa mama atakayetaka kuitumia kujifunika akisali. Maua na michoro ya kawaida ni salama zaidi.

Kikoi mimi nakipendelea hata kuliko kanga, hasa kwa wanaume na vijana. Wamoroko wengi huenda hamamu, bafu la mvuke la mtaani, na kikoi cha pamba kinafaa hasa kwa kazi hiyo: kinanyonya maji, kinakauka upesi, hakijazi begi. Mwambie tu kwamba kwetu ni vazi la heshima la mwambao, kisha mwachie akitumie apendavyo.

Shuka ya Kimasai wengi huiona ni kitu cha watalii. Fikiri tena kama unakwenda bara au milimani wakati wa baridi. Ifrane, katika milima ya Atlas, ndiko ilikopimwa baridi kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Afrika: nyuzi 23.9 chini ya sifuri, mwaka 1935. Hata Fes na Meknes baridi ya Januari hupenya ndani, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Bibi aliyekaa sebuleni jioni atafurahi kuwa na shuka nzito ya kujifunika miguu. Chagua nzito kweli, si zile nyepesi zinazouzwa uwanja wa ndege.

Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono Zanzibar au Lamu ni zawadi ya baba wa nyumba, ya kuvaa na jilaba, kanzu ya Kimoroko, siku ya Ijumaa. Tatizo ni kipimo. Mwombe rafiki yako apitishe uzi kichwani kwa baba yake na akutumie urefu kwa sentimita. Kofia inayobana haivaliwi hata mara moja.

Vitu vya dhahabu na hariri kwa wanaume viache, kwa sababu ya dini. Pete ya fedha haina neno.

## Kijana wa mpira

Kama katika nyumba hiyo kuna kijana anayefuatilia mpira, kazi yako ni rahisi. Soka limetukutanisha sana siku za karibuni: Mei 2025 RS Berkane ya Moroko waliishinda Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho, na Agosti mwaka huohuo Moroko ikatwaa ubingwa wa CHAN Kasarani, Nairobi. Jezi za klabu zetu wanazitambua.

Ila uliza anashabikia nani. Casablanca imegawanyika kati ya Wydad, wekundu, na Raja, wa kijani, na ushindani huo si mdogo. Kwa shabiki wa Wydad peleka jezi ya Simba. Kwa wa Raja peleka ya Yanga, au ya Gor Mahia kama unatoka Kenya. Ukibadilisha rangi, atashukuru kwa adabu na hataivaa. Nunua jezi halisi, duka la klabu.

## Vinavyoweza kukuletea matata

Sehemu hii isome mara mbili.

1. Ramani ya Afrika. Zawadi zetu nyingi zina umbo la bara lenye mipaka ya nchi: vibao vya kuchonga, fulana, mabegi, vitabu vya watoto. Suala la Sahara Magharibi ni zito mno Moroko, na ramani inayolitenga eneo hilo inaweza kunyang'anywa forodhani au kumuudhi mwenyeji. Epuka ramani yoyote yenye mipaka.
2. Pombe, hata mvinyo wa gharama, na hata kwa rafiki uliyemwona akinywa mkiwa Dubai. Nyumbani kwa wazazi wake ni mahali pengine.
3. Peremende na chokoleti zenye jelatini ya nguruwe au kileo ndani. Soma viambato, au chukua zenye alama ya halali.
4. Sanamu za watu na vinyago. Uchongaji wa Kimakonde ni kazi ya heshima, lakini nyumba nyingi za dini haziweki sanamu za binadamu. Badala yake peleka bakuli la jiwe la Kisii, au kijiko na upawa wa mti mzuri.
5. Pembe, ganda la kasa, matumbawe na makombe ya baharini. Usibebe kabisa, hata kama muuzaji anakuapia ni ya zamani.
6. Droni, hata ya kuchezea mtoto. Moroko hairuhusu kuingiza bila kibali, na itabaki uwanja wa ndege.
7. Nyama, matunda mabichi, miche na mbegu. Ziache. Na miraa isiingie begini mwako kwa sababu yoyote.

Msomaji mwingine atasema: mbona mwenzangu alipita na vinyago na hakuna aliyemwuliza? Inawezekana. Lakini zawadi inayotegemea bahati ya foleni si zawadi ya kupangia safari.

## Nani apewe nini

Wa kwanza ni mama. Katika nyumba ya Kimoroko yeye ndiye anayekupikia, anayekutandikia, na anayeamua kama utaitwa tena. Hata kama rafiki yako ni mtoto wake wa kiume, zawadi kubwa iwe ya mama. Kama yupo bibi, yake iwe pembeni, iliyofungwa peke yake, na apewe kwanza.

Baba apewe kitu chake, hata kidogo. Watoto wapewe kinachogawanyika sawasawa. Ukimpa mmoja mpira na mwingine kalamu, umeanzisha ugomvi utakaouacha nyuma.

Halafu weka akiba. Habari ya mgeni kutoka mbali huenea, na shangazi, majirani na binamu watakuja kukuona. Pakiti ndogo za korosho au vifuko vya karafuu vilivyofungwa utepe, visivyo na jina la mtu, vitakuokoa. Hili watu wengi hulisahau.

Usimpe mwenyeji fedha kama malipo ya kukukaribisha. Ni kumvunjia heshima.

## Ukienda kwa posa au harusi

Hapo vya kwetu peke yake havitoshi, na ni vizuri ulijue mapema. Familia ya mwanamume inapokwenda kuposa, huwa kuna vitu vyenye maana yake: sukari ngumu yenye umbo la pia, kilo 2, iliyofungwa kwa karatasi, tende na maziwa, hina, na vinginevyo kulingana na mji na ukoo. Sukari hiyohiyo hupelekwa pia kwenye furaha na misiba mingi. Usijaribu kuvikusanya Dar es Salaam au Mombasa. Vinunue hukohuko, ukiongozwa na mwanamke wa familia anayejua desturi ya mahali hapo, kisha weka doti ya kanga, karafuu na vanila juu yake kama alama ya kwenu. Wazee wa pande zote mbili wataliona hilo.

Ukialikwa chakula cha kawaida tu, na zawadi za nyumbani zimekwisha, boksi la vitamu kutoka duka la keki la mtaani linatosha kabisa.

## Kufunga mzigo

- Usitumie mifuko ya plastiki. Moroko iliipiga marufuku Julai 2016, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Funga zawadi ndani ya kanga au weka kwenye kiondo, na kiondo chenyewe kibaki na mama.
- Safari nyingi hupitia Doha, Dubai, Istanbul au Cairo. Asali na kimiminika chochote cha zaidi ya mililita 100 kiwe kwenye begi kubwa, ndani ya kopo lisilovuja, katikati ya nguo.
- Viungo vifunge mara mbili, mbali na kanga. Harufu ya karafuu kwenye nguo ya mtu mwingine si zawadi.
- Bakuli la jiwe livishwe shuka. Vyote viwili vinafika salama.
- Acha lebo na risiti mpaka upite forodha, kisha ondoa bei.

## Kukabidhi

Toa siku ya kwanza, ukishakaribishwa na kukaa, kwa mkono wa kulia au kwa mikono yote miwili. Sema ni kitu kidogo kutoka nyumbani. Atakwambia hukupaswa kujisumbua, labda mara mbili au tatu. Usirudishe mkono, sisitiza kwa upole.

Anaweza kuiweka kando bila kuifungua. Wengi wetu hapo huvunjika moyo, tukidhani hajapenda. Si hivyo. Kufungua mbele ya mgeni kwa nyumba nyingi ni kama kuonyesha pupa. Usimwambie "fungua uone". Maelezo ya vanila na kanga yaache mpaka atakapouliza, na atauliza.

Na ukitafuta hadithi ya kusindikizia zawadi, tunayo ya kweli. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na akaandika kwamba sultani wa Kilwa aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa mkarimu. Mmoroko yeyote aliyesoma shule anamjua Ibn Battuta. Si wote wanaojua kwamba alifika kwetu na kutusifia kwa kutoa.

## "Lakini sina fedha ya yote hayo"

Huhitaji yote. Mwanafunzi mwenye maganda matano ya vanila, nusu kilo ya korosho na kikoi kimoja amekwenda na zawadi kamili. Hao wenyeji wako huenda wana uwezo kukuzidi mara kumi, na bado hilo halibadilishi kitu, kwa sababu hawatafuti bei. Ninachokusihi usifanye ni kununua manukato au chokoleti ya haraka ukibadilisha ndege Dubai kwa kuona aibu ya vitu vya nyumbani. Chokoleti hiyo wanaiuza Casablanca.

Mwisho, acha robo ya begi wazi unapokwenda. Familia ya Kimoroko haimwachi mgeni aondoke mikono mitupu: utapewa mafuta ya argan, ndara za ngozi, na boksi la vitamu la kupelekea wazazi wako. Usikatae, na ukifika nyumbani mpigie mama yule simu umwambie wazazi wamevipokea.